Siku ya Kumpindua Kasa

Mimi ni mwoga, na silisemi hili kwa kujishusha. Wapo watu husema "mimi mwoga" huku wamejaa kiburi, kama mwenye ghorofa anavyokuambia kwamba ana kibanda tu. Mimi naogopa kweli. Naogopa ngazi isiyo na mahali pa kushika, naogopa feni ya dari inayotikisika, naogopa boti ikiinama upande kidogo tu kuliko nilivyozoea. Mume wangu, mwalimu wa hesabu wa sekondari na mtu asiye na haya, huwaambia wageni wetu kwamba mkewe akikutana na kivuli chake hukiamkia kwanza ili kisimdhuru. Wageni hucheka, nami huwatilia chai.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo katika ofisi moja ya umma hapa Chake Chake. Kwa miaka mingi nilichora vyoo vya skuli, kuta za vituo vya afya na vibanda vya walinzi. Ni kazi inayomfaa mwoga. Nguzo zangu huwa nene kuliko zinavyohitajika, na wenzangu ofisini hunitania kwamba nikichora banda la kuku litahimili mizinga. Waache waseme. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nimechagua kicheko. Hakuna nilichochora kilichowahi kumwangukia mtu.

Basi siku moja mhandisi wetu aliniita ofisini kwake. Ni mtu wa Bara, Mkristo, mpole, aliyekuja kisiwani kwa uhamisho wa miaka miwili na bado yupo. Akaniambia kwamba kutakuwa na maonesho ya mazao ya bahari: mwani, chaza, pweza, dagaa, kila kitu. Watu wa Pemba wanataka banda lao wenyewe, na wakubwa wametaka banda lenyewe lifanane na kiumbe wa baharini.

"Dada, mimi sitaki mahema," akasema. "Nataka mtu akiliona kwa mbali aseme, hawa ni watu wa bahari."

Kuchora choo ni kuchora kuta nne. Kuchora mnyama ambaye watu mia wataingia tumboni mwake ni jambo jingine.

Nilianza na pweza. Nilimpa mikono minane, kila mkono ujia wa kupitia watu, na kichwani pake ukumbi. Mchoro ulikuwa mzuri. Kisha nikaanza kuwaona watu wamejaa mle, mmoja anapiga kelele kwa mchezo tu, na wote wanakimbilia mkono mmoja. Nilisikia hata kilio cha watoto. Nikamchana pweza vipande. Nikamchora samaki taa, mabawa wazi, dari moja pana nyembamba. Usiku wa kuamkia Jumamosi upepo ulivuma, bati la jirani likapiga kelele, na asubuhi nikamchana taa pia, maana niliona wazi kwamba upepo ungemwingia chini ya bawa na kumwinua. Samaki wote niliowaza waliishia kuua watu.

Mwisho nikamchora kasa. Kasa hana haraka, yuko chini, na mgongo wake umeumbwa ili vitu vipite juu yake. Nilimlaza ardhini kifudifudi, gamba lake ndilo paa na ndilo ukuta, mlango mmoja palipo kichwa na mwingine palipo mkia. Nilipomaliza niliutazama mchoro siku mbili nikitafuta pa kumfia mtu, nisipaone. Mhandisi alifurahi mpaka akasimama.

Ila gamba lile lilikuwa la mbao zilizopindwa, na mafundi wa majumba hawapindi mbao. Wanaozipinda ni mafundi wa vyombo vya baharini. Na fundi wa vyombo niliyemjua mimi alikuwa mmoja, mjomba wangu wa Msuka, kaka mkubwa wa mama, mzee mwenye ndevu nyeupe na mikono migumu kama kwato. Nilikwenda kwake na karatasi zangu tatu nimezikunja kwapani.

Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikaulizwa hali za watu wa nyumbani mmoja mmoja. Ndipo nikasema, "Mjomba, nimekuja unijengee kasa."

Akacheka. "Mie n'najenga vyombo, mwanangu. Kasa huumbwa na Mngu."

Nikamweleza. Nikazikunjua karatasi mkekani: kasa akitazamwa kwa juu, kasa kwa ubavuni, kasa aliyekatwa kati ili ndani pake paonekane. Mjomba alizishika mbali na macho, akazigeuza, akazigeuza tena, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Karatasi nzuri hino," akasema. "Nkono wako hautetemeki. Haya, nambie, ni pima ngapi kwa ngapi?"

Nikamwambia pima saba kwa tano. Akainuka, akatandaza mikono yake miwili hewani kama anayemkumbatia mtu asiyeonekana, akahesabu saba pale uani, akatikisa kichwa kwamba amefahamu. Mimi sikumuuliza amefahamu nini. Ningemuulizaje? Mwalimu humuuliza mwanafunzi, mkubwa humuuliza mdogo, lakini mpwa hamuulizi mjomba wake "umefahamu?" kama anayemsomesha alifu na be. Niliona hata kuuliza ni utovu wa adabu. Nikanywa uji, nikarudi mjini nimetua mzigo.

Wiki iliyofuata nilipelekwa Unguja kwenye mafunzo, nikakaa huko karibu mwezi. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kiwanja cha maonesho na mkoba wangu mkononi. Mjomba na mafundi wake sita walikuwa wamepiga kambi pale, harufu ya mbao mbichi imejaa, na katikati ya kiwanja alikuwapo kasa wangu, mkubwa, mzuri, amelala chali.

Alikuwa chombo, sawasawa na vyombo vinavyojengwa Msuka tangu zama. Ule mti mrefu wa kati, ambao mafundi wanauita mkuku, ulikuwa chini umelazwa juu ya magogo. Kutoka kwenye mkuku mbavu zilipanda juu kulia na kushoto, na mbao zimepigiliwa juu ya mbavu. Uwazi ambao ulitakiwa utazame ardhi ulikuwa unaitazama mbingu. Mvua ingenyesha, angejaa maji.

"Mjomba," nikasema, "mbona yuko chali?"

Akanishangaa kweli. "Angekuwaje? Ubavu wapindwa toka mkukuni kwenda juu. Mkuku wakaa chini. Nikianzia juu, nimekuwa popo?"

"Na atageukaje?"

"Tutampindua. Watu tele. Nitaita watu wa Msuka, nitaita watu wa Tumbe, tupike wali, tusome dua, tumpindue kama tunavyoshua chombo majini. Kwani weye umeona watu wakishindwa?"

Nilikaa juu ya gogo. Niliyapima kwa macho yale mambo. Karibu tani tatu za mbao. Zingeinuliwa kwa ukingo mmoja mpaka zisimame wima kama ukuta, kisha ziangukie upande wa pili. Na upande wa pili lazima wawepo watu wenye magongo ya panda wa kuzipokea na kuzilaza polepole, ama sivyo zingejipiga chini na kupasuka. Watu hao wangesimama chini ya kasa.

Mhandisi alikuja jioni ile ile. Alizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Dada, hii ni boti."

"Ni kasa, mhandisi. Amelala chali."

Hakucheka. Alisema kreni ya kukodi ingebidi ije na meli kutoka Unguja, ishukie bandari ya Wesha, na isingewahi ufunguzi. Kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka. "Wewe ndiye uliyechora. Piga hesabu. Ukiniambia salama, wapindue Alkhamisi. Ukiniambia si salama, tunaweka mahema, na kasa atasubiri."

Jumatatu nilijifungia ofisini na kalamu. Nilipiga hesabu asubuhi nzima, na kwa kuwa najijua, nilizirudia baada ya adhuhuri nikitumai hofu ndiyo iliyonikosesha. Haikuwa hofu. Kila ubavu wa kasa ulikuwa vipande viwili vilivyounganishwa begani, pale pajipindapo zaidi. Chombo kikiwa majini, maji hukisukuma kutoka nje pande zote, na viungo vile hujibana. Kasa akisimamishwa kwa ukingo, uzito wote ungelalia bega moja, na viungo vya bega hilo vingevutwa vifunguke. Dawa yake ilikuwepo, tena si ngumu: boriti za kukingamisha ndani, kutoka bega hadi bega, kabla ya kumgusa. Ingetaka siku tatu zaidi. Alkhamisi isingewezekana.

Nilikwenda kiwanjani kumwambia mjomba. Njiani niliyapanga maneno yangu vizuri sana. Nilimkuta na tezo mkononi, anachonga, na mafundi wake sita wamemzunguka.

"Mjomba, mimi nilikuwa naona... labda tungetia boriti ndani, za kukingama, kabla hatujampindua."

Tezo ikasimama. Na tezo zote nyingine zikasimama.

"Umeona ila gani?" akauliza.

Sijui kama msomaji amewahi kutazamwa na mafundi sita wa Msuka kwa pamoja. Hawakunitazama vibaya. Walikuwa wanangoja tu. Lakini mimi niliona ndevu nyeupe za mjomba zina vumbi la mbao, nikamkumbuka mama akinambia kwamba kaka yake hajapata kujenga chombo kikavuja, nikaona mpwa wake, mtoto wa dada yake, amesimama mbele ya watu wake anamwambia kazi yake itavunjika.

"Sijaona ila, mjomba. Nilikuwa nauliza tu."

"Kwa hesabu zako weye," akasema polepole, "hesabu za karatasini, salama?"

Niliona ananipa changamoto. Niliona ananiambia, haya, thubutu.

"Salama, mjomba," nikasema.

Na kwa kuwa uwongo wa kwanza ndio mzito, wa pili ulitoka wenyewe. Nilimpigia simu mhandisi nikamwambia salama. Kisha nilikwenda nyumbani nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikasema kichwa. Siku tatu zile nilikuwa nikijiambia kwamba hesabu zangu siku zote huzidisha, kwamba nguzo zangu nene ndizo ushahidi, kwamba mzee ameshua vyombo tangu sijazaliwa na mbao humtii. Nilijiambia hivyo mchana, na kila nilipofumba macho niliona viungo vya bega vinafunguka.

Alkhamisi walikuja watu hata nikastaajabu. Pikapu zilitoka Tumbe zimejaa vijana na kamba nene, wengine wamekuja kwa baiskeli, wanawake wa mwani wakaja na sufuria zao, moto ukawashwa kando. Wali uliiva, shehe akasoma dua, watu wakaitikia amina. Na hapo ndipo mlango wangu ulipofungwa. Maana kwetu, kwa mafundi wa ukoo wa mama, chombo kikishasomewa dua hakitajiwi ubaya mpaka kikae mahali pake. Husemi kitazama, husemi kitapasuka, husemi hata "angalieni". Nilipokuwa mdogo niliwahi kuuliza siku ya kushua, "Na kikizama?", na mama alinipiga kofi la mdomo mbele ya umati mzima wa watu. Sikulisahau.

Mume wangu alikuja akitokea skuli, amekunja mikono ya shati. Nilimwona anachukua gongo la panda na kwenda upande wa kupokea. Nikamkimbilia.

"Usikae pale," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Nenda kasaidie sufuria. Nenda kavute kamba na wenzako."

"Kwenye kamba wamejaa." Alitabasamu. "Kwani wewe si umesema salama?"

Hakukusudia kunichoma. Alikuwa anatania kama kawaida yake. Nilifungua kinywa, na shehe yuko nyuma yangu, na mjomba yuko mbele amekwishainua mkono. Nilikifunga. Nikarudi kando nikasimama karibu na tangi la maji.

Mjomba akaanza. Yeye hutoa mlio mmoja tu mrefu, na watu wote hujibu kwa kuvuta. Kamba zikakaza. Ukingo wa kasa ukapanda shibiri moja, kisha mkono, kisha kimo cha mtu. Vijana wa nyuma walikuwa wanasukuma kwa miti, miguu inachimba mchanga. Kama nisingejua nilichojua, ningelia kwa uzuri wake. Gamba lote lilikuwa linapanda, mbao zinang'aa mafuta, na chini kwenye kivuli chake watu ishirini wameinua magongo yao kungoja. Mume wangu alikuwa wa nne kutoka kichwani.

Lilifika wima. Hapo watu wote hunyamaza, maana ndipo nguvu inapobadilika kutoka kuvuta na kuwa kuzuia. Katika kimya hicho nikausikia mlio. Ulikuwa mdogo, kama wa mtu aliyevunja bua la mtama. Nikatazama bega la ubavu wa tatu. Kiungo kilikuwa kimeachana, upana wa kidole. Nikaona kinaachana zaidi. Nikaona mbingu upande wa pili.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa amesimama mkono juu, na hakuwa anamtazama kasa. Alikuwa ananitazama mimi, macho yametoka. Nilifahamu kwamba ananionya, ninyamaze. Na naapa nilinyamaza. Sijui kwa muda gani. Pengine ni muda wa kuvuta pumzi moja, lakini nilinyamaza, na mume wangu yuko chini, na hilo sitaacha kulijua mpaka nizikwe.

Kisha sauti ilinitoka, wala haikuwa yangu. "Unavunjika! Tokeni! Tokeni chini!"

Watu waligeuka kunitazama mimi badala ya kasa. Kamba mbili zililegea kwa mshangao, na kwa sekunde ile nilidhani nimewaua kwa kinywa changu. Ndipo mjomba akaushusha mkono na kupiga ukelele, "Tokeni! Tokeni wote!", na sauti yake wanaijua. Magongo yakatupwa. Kasa akainama, ubavu wa tatu ukakatika, wa nne ukafuata, na bega zima likajikunja likaja chini na kishindo kilichonipiga kifuani. Vumbi likapanda. Sikuona kitu.

Nilikwenda ndani ya vumbi lile nikiita. Sikuliita jina lake, maana mke hamwiti mumewe jina mbele ya watu, na hata saa ile adabu ilinishika shingo. Niliita "Mwalimu! Mwalimu!" Wakanijibu walimu watatu. Nikaona gongo lake limekatika vipande viwili chini ya mbao, palepale aliposimama, na kando yake kiatu kimoja. Nikapiga magoti nikaanza kufukua kwa kucha.

"Mama weye," akasema nyuma yangu, "unatafuta nini?"

Alikuwa amesimama mguu mmoja peku, uso mweupe kwa vumbi. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikatapika mpaka nikatoa nyongo. Akaja akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakutafuta la kutania. Mkono wake ulikuwa baridi kama wangu.

Hakufa mtu. Mzee mmoja wa Tumbe alichunika muundi wa mguu, na kijana mmoja aliteguka kiwiko kwa kamba. Wali uliliwa, maana wali ukishapikwa huliwa, lakini uliliwa kimyakimya. Nilisikia wanawake wakisema nimewaokoa wanaume zao. Nilisikia pia mtu, hakujali kama namsikia, akisema kwamba kasa alikuwa mzima mpaka kinywa cha yule bibi kilipomtaja. Mjomba alipanda pikapu ya Msuka bila ya kuniaga.

Mhandisi aliniuliza swali moja. "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akaandika barua ya onyo, akanipa mkononi mwenyewe badala ya kuituma. Maonesho yalifunguliwa kwa mahema. Kasa aliungwa, akatiwa boriti za kukingama, akapinduliwa tena kabla maonesho hayajamalizika, na wanawake wa mwani wakapanga bidhaa zao tumboni mwake. Watu walimpiga picha sana. Mimi niliingia mara moja tu, kwa mlango wa kichwa nikatokea mkiani, mbio. Hayo nayasema hapa ili niyamalize, lakini yaliyobaki moyoni si hayo. Ni siku ya tatu baada ya kasa kuanguka, nilipokwenda Msuka kuomba radhi.

Mume wangu alinipeleka. Alibaki barazani na mke wa mjomba, nami nikaingia ndani. Mjomba alikuwa amekaa mkekani, tasbihi mkononi, anaonekana mdogo kuliko nilivyomzoea. Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikaketi chini.

"Mjomba, nimekuja uniwie radhi. Nimetaja ubaya baada ya dua, tena mbele ya watu wako."

Aliendelea kuvuta tasbihi. Nilihofia atanifukuza, na nilikuwa tayari kufukuzwa.

"Ubavu ule wa tatu," akasema mwisho, "mie niliusikia kabla yako."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Niliusikia yungali hajafika wima. Umri wangu wote nasikiliza mbao. Mbao ikitaka kukatika husema."

"Ukasikia ukanyamaza?" Sikuwahi kumwuliza kitu kwa sauti ile.

"Nilikutazama weye," akasema. "Hukuniona? Mie karatasi zako sikuzifahamu, mwanangu, toka siku ile ya kwanza. Niliona haya kusema. Nikakuuliza kule mbele ya watu, kwa hesabu zako, salama? Sikuwa nakujaribu. Nilitaka kujua. Ukanambia salama. Basi nilipousikia mlio nikasema moyoni, huyu kasoma, hesabu zake zasema salama, masikio yangu ndiyo yamezeeka. Nikakutazama nione kama nawe wasikia."

Nilitaka nimwambie chochote kingine, lakini sikuwa na kingine. "Nilijua toka Jumatatu, mjomba. Hesabu zilisema utakatika begani. Nilikuonea haya."

Tasbihi ikasimama kwenye kidole. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliuona uso wa mjomba una hofu, hofu ileile ninayoijua mimi, ya mtu anayeona kitu kilichokwisha kupita.

Nje, barazani, mume wangu alikuwa anamsimulia mke wa mjomba kisa cha mwanafunzi wake mmoja, anaigiza sauti zote mbili, ya mwalimu na ya mtoto. Mke wa mjomba akacheka sana. Mume wangu akaanza upya kwa ajili ya jirani aliyefika sasa hivi. Mjomba na mimi tukamsikiliza mpaka akamaliza.